Ratili Arobaini za Oili

Asegelile alikuwa mzaliwa wa Busale, na alijulikana kwa masikio yake. Si kwamba yalikuwa makubwa. Yalikuwa masikio ya kawaida kabisa, ila mwenyewe aliyatangaza mno. Alipotoka vita vya Burma, alikokuwa akiendesha malori ya jeshi, alirudi na koti zito lisilovalika kwa joto la Kyela, bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, na imani kwamba hapakuwa na injini duniani iliyoweza kumficha siri. Aliiweka ncha ya bisibisi kwenye injini, mpini akaubana sikioni, akafumba macho kama anayeongoza sala, kisha akatoa hukumu. "Vali ya tatu hiyo, ina kikohozi." Waliomzunguka waliitikia kwa vichwa, kwa heshima zote, ingawa hakuna hata mmoja aliyejua vali ya tatu inakaa wapi.

Tumpe haki yake: mara nyingi alipatia.

Injini aliyoijua kuliko zote ilikuwa ya Fodi ya Mzee Ambilikile. Gari hilo lilitoka kiwandani mwaka 1930. Lilianza maisha kwa mmisionari, likaenda kuchoshwa na mchimba dhahabu wa Chunya, na lilipofika Kyela viti vya nyuma vilikuwa vimekwisha kung'olewa, pakajengwa boksibodi ya mbao ya kupakia mizigo. Mwaka huo wa 1953 hapakuwa na gari kuukuu kulishinda, toka ziwani hadi miguuni mwa milima. Wazungu waliopita walisimama wakalipiga picha. Mzee Ambilikile, mfanyabiashara wa mchele na mzee wa kanisa, alihakikisha yumo katika kila picha, na kama alikuwa mbali alikimbia.

Kila Jumanne gari lilipakia mchele kwenda Tukuyu. Asegelile ndiye aliyekuwa dereva wake, fundi wake na mwoshaji wake. Watu wote walimwita Dereva. Hata mkewe Angetile alimwita hivyo, ila yeye alilitamka jina hilo kwa namna yake, hasa msimu wa kulima.

Maana Asegelile hakupenda jembe. Unyakyusani mwanamume hupimwa kwa jembe. Anayelima vizuri husifiwa hata na maadui zake, na asiyelima hupewa chakula huku anatazamwa. Asegelile alikuwa na kisingizio cha kila mwezi. Novemba alisafisha kabureta, Desemba alikaza breki, na Januari, majirani wakiwa matopeni hadi magotini, yeye alikuwa chini ya gari, mkavu, amelala chali anagonga kitu.

"Dereva," Angetile alimwita siku moja kutoka shambani, "hilo gari likifa, tukuzike nalo?"

Wanawake wenzake walicheka, lakini Asegelile hakucheka. Bila gari yeye alikuwa mwanamume asiyejua kulima, basi, na jambo hilo lilimtisha kweli.

Sasa tuje kwenye geji. Mzee Ambilikile aliipata Tukuyu, kwa mtu aliyekuwa akiuza vyuma vya malori ya jeshi yaliyokufa. Mtu huyo alimweleza kwamba oili ndiyo damu ya injini, kwamba gari lake halina kitu cha kuonyesha damu hiyo inasukumwa kwa nguvu kiasi gani, na kwamba mwenye gari asiye na geji ya oili anatembea gizani mchana kweupe. Maneno hayo yalimwingia mzee. Alirudi na geji imefungwa kwenye leso, ameipakata njia nzima, na dereva wake hakuambiwa ni kitu gani mpaka walipofika nyumbani.

"Ya nini hii, tata?" Asegelile aliuliza, akimwita baba kwa heshima ya Kinyakyusa. "Masikio yangu si yapo?"

"Masikio yako nayaheshimu," mzee alisema. "Lakini yako kichwani mwako. Mimi nataka kitu nitakachokiona mwenyewe."

Asegelile aliumia, tena sana. Miaka saba alikuwa ameiweka injini ile hai, na leo anashindanishwa na kipande cha shaba. Isitoshe, hakujua geji inafungwaje. Huko Burma malori yalikuwa nazo, lakini kuzifunga ilikuwa kazi ya mafundi wa karakana; yeye aliwatazama kwa mbali akinywa chai. Angeweza kusema hivyo. Badala yake alisema, "Kazi ya asubuhi moja hii."

Ilimchukua siku mbili. Geji yenyewe ilikuwa duara lenye kioo, namba zimeanza sifuri zikapanda kumi kumi hadi ratili themanini, na mshale mmoja mweusi. Ilikuja na bomba la shaba, jembamba kuliko mrija wa kunywea pombe ya kimpumu. Asegelile alifungua bolti iliyo ubavuni mwa injini, pale pampu inapopandishia oili, akafunga hapo ncha moja ya bomba. Ncha ya pili aliipitisha kwenye tundu alilotoboa kwa keekee, ikatokea ndani ya gari, akaiunga na geji aliyoibandika mbele ya kiti cha mzee. Bomba lilikuwa refu, maana lilitengenezewa lori. Fundi mzoefu angeuviringisha urefu ule wa ziada, ili injini ikitetemeka bomba nalo licheze lisivunjike. Asegelile aliyaona maviringo hayo ni uchafu. Alilikata bomba, akalivuta likanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, akarudi nyuma hatua tatu kulitazama. Akaridhika sana.

Kisha akapiga hendeli, injini ikawaka. Mzee Ambilikile alikuwa tayari kitini, amevaa miwani yake ya kusomea Biblia. Mshale ulitikisika. Ulipanda upana wa unywele hivi, ukasita, ukarudi ukalala juu ya sifuri.

"Ngoja ipate moto," Asegelile alisema.

Wakangoja. Injini ilipopata moto, mshale haukutikisika tena kabisa.

Asegelile alichukua bisibisi akasikiliza. Injini ilinguruma vizuri, laini, haina neno. Alichomoa kijiti cha oili, akakuta oili imejaa hadi kwenye alama. Alikaza nati, akazilegeza, akazikaza tena. Mshale ulibaki sifuri, na mzee alibaki ameutazama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesomewa barua ya msiba.

Kuanzia siku hiyo safari zikawa mateso. Mzee hakutazama tena barabara wala watu waliompungia mkono. Alitazama sifuri. Kila baada ya maili mbili alisema, "Simama, ipumzike," na Asegelile alisimama. Siku moja akina mama wa ziwani, wenye vyungu vichwani, walilipita gari limesimama njiani. Wakafika sokoni, wakauza vyungu, wakanunua ndizi, na walipokuwa wanarudi wakalikuta linapumzika tena.

"Ugonile, Dereva," walimsalimu, jua likiwa linaelekea magharibi. Hiyo ni salamu ya kumuuliza mtu kama amelala salama. Asegelile aliielewa vizuri, akaingiza kichwa chake ndani ya boneti asikitoe mpaka walipotoweka.

Mwisho wa wiki ya pili mzee alitoa uamuzi. "Asegelile, injini hii haina damu. Imekwisha kufa, ila yenyewe haijajua. Hezroni wa Ikolo anatafuta injini ya kuzungushia mashine ya kukoboa mpunga. Jumatatu atakuja kuichukua." Kisha akamshika bega. "Na wewe usidhani nimekusahau. Nitakupa kipande cha shamba kule bondeni. Udongo mweusi, maji karibu. Utalima mpaka ufurahi."

Maskini mzee, alidhani anampa zawadi. Asegelile alisema, "Ndaga, tata," yaani asante, akaenda nyumbani.

Siku ya pili ilikuwa Jumapili. Asegelile alimwambia mkewe kichwa kinamuuma, na watu wote walipokwisha kuingia kanisani alikwenda kwenye gari. Alifungua kioo cha geji, akaung'oa mshale kwa kucha, kisha akaurudisha mahali pake, safari hii ukielekea arobaini. Alikuwa amefikiria hamsini, akaona ni tamaa. Arobaini ilikuwa namba ya kiasi, na imo katika Biblia.

Palikuwa na tatizo moja. Mshale ulioelekezwa arobaini ulibaki arobaini hata injini ikiwa imezimwa. Kwa hiyo alikata kipande cha koti lake la Burma, akashona kofia ndogo ya kuivalisha geji. "Vitu hivi huharibiwa na vumbi," alimweleza mzee Jumatatu asubuhi. "Injini ikizimwa tu, geji inafunikwa. Injini ikiwaka, inafunuliwa. Ndiyo sheria ya jeshi, tata. Ile shida ya juzi ilikuwa hewa kwenye bomba." Akapiga hendeli, injini ikawaka, akaivua geji kofia yake.

Mzee Ambilikile aliona arobaini akaziba mdomo kwa mkono. Hezroni wa Ikolo, aliyekuwa amekuja na ng'ombe wawili wa kuvuta injini, alirudishwa pamoja na ng'ombe wake.

Wiki zilizofuata zilikuwa za furaha kubwa. Mzee alisahau kabisa kusema "simama." Aliwasimulia arobaini yake watu wa sokoni Kyela, akawasimulia wavuvi wasiouliza, na Jumapili baada ya ibada aliwaita wazee wenzake waje waione. Mchungaji mwenyewe aliinama, akaitazama, akasema Mungu ni mwema. Mzee mmoja aliuliza hiyo arobaini maana yake ni nini. "Ni nusu ya themanini," Mzee Ambilikile alijibu, na wote wakaridhika.

Asegelile naye angeridhika, kama si Zebedayo. Huyu Zebedayo alikuwa fundi wa magari ya serikali pale Tukuyu, mtu wa maneno machache. Jumanne moja, mzee akiwa dukani, alipita karibu na Fodi, injini ikiwa inanguruma, akaona geji. Alicheka hadi akaegemea mlango.

"Nani alikufungia hii? Hii ni ya lori," alisema. "Injini kama hii yako oili yake hutiririka polepole tu. Nguvu yake haifiki hata ratili tano, na ikipata moto ni chini zaidi. Ndivyo ilivyozaliwa. Ukiipima kwa geji ya ratili themanini, ni kama kuweka kijiko cha chumvi kwenye mizani ya magunia. Mizani haitaiona, lakini chumvi ipo." Kisha akakunja uso. "Sasa hii arobaini umeipata wapi?"

Asegelile alikohoa, akasema ana haraka.

Njia nzima ya kurudi Kyela alikaa na maneno hayo yakimwasha kinywani. Kumbe sifuri ilikuwa sawa! Kumbe injini ilikuwa nzima tangu mwanzo, na masikio yake yalisema kweli! Hakuwahi kuwa na haki namna ile maishani mwake, na hakuweza kumwambia mtu, kwa sababu lazima angeeleza na habari ya arobaini. Pembeni yake mzee aliutazama mshale na kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini.

Mwezi wa nane ikaja safari ya Rut. Huyu Rut alikuwa mkamwana wa Mzee Ambilikile, mke wa mwanawe Lutengano aliyefundisha shule Tukuyu. Walikuwa wamefunga ndoa miezi sita iliyopita, na sasa Lutengano alipata nyumba, kwa hiyo mkewe alitakiwa apelekwe huko. Jambo jepesi kwingine kokote. Lakini kwa Wanyakyusa mke wa mwana na baba mkwe hawaonani. Akimwona anakuja, mke huyo huacha njia akajificha, hujifunika, na sauti yake baba mkwe haisikii. Mchungaji alikuwa amehubiri mara mbili kwamba Wakristo waiache mila hiyo. Mzee Ambilikile alikubali mara zote mbili. Alisema mchungaji ana haki kabisa, ila miguu yake yenyewe inapomwona Rut hukimbilia migombani bila kumuuliza.

Gari lilikuwa moja tu, basi wakapanga. Asegelile alitundika kitambaa cha kaniki nyuma ya kiti cha mbele. Mzee alijificha nyuma ya nyumba, Rut akapanda kwenye boksibodi, akakaa kati ya magunia ya mchele na vyungu vitatu vya Kikisi, kazi ya wafinyanzi wa ziwani, alivyonunua kwa ajili ya jiko lake jipya. Alipokwisha kukaa, Asegelile alipiga kikohozi, mzee akaja akitazama mbele kama askari wa gwaride, akapanda. Wakaondoka.

Mpaka Busale mambo yalikuwa mazuri. Mlima ulipoanza, Asegelile aliingiza gia ya kwanza, injini ikalia, gari likatetemeka kuanzia kwenye taa hadi kwenye bodi. Lile bomba lililonyooka kama kamba ya nguo halikuwa na mahali pa kuchezea, nalo likakatika, kama shubiri moja tu kutoka kwenye injini. Hakuna aliyesikia. Oili ikaanza kumwagika barabarani kidogo kidogo, na mshale ukabaki pale pale ulipowekwa.

Nyuma, Rut alikuwa ametazama walikotoka. Binti wa mkulima wa mpunga hawezi kupanda gari lenye magunia asitazame barabara, asije akaacha gunia lenye tundu likipukutika hadi liishe. Hakuona mchele. Aliona mstari mweusi, mwembamba, unaolifuata gari juu ya vumbi jekundu. Aligonga ubao mara tatu.

"Nini hicho?" mzee aliuliza.

"Gunia limehama," Asegelile alisema.

Rut aligonga tena, kwa ngumi zote mbili.

Mzee alihangaika kitini. Hakuweza kugeuka, hakuweza kumuuliza. "Labda ni mgonjwa?" alinong'ona. "Lakini hapa hapasimamiki, gari likirudi nyuma je?" Kwa kukosa pa kutazama aliitazama geji, na moyo wake ukatulia. "Arobaini. Twende, tutasimama juu."

Rut alikuwa na kinywa, na neno moja tu lingetosha, lakini baba mkwe alikuwa nyuma ya kitambaa, umbali wa mkono. Alivitazama vyungu vyake vitatu. Akachagua kile kikubwa, kilicho kizuri kuliko vyote, akakinyanyua kwa mikono miwili na kukitupa barabarani.

Kilipasuka kwa kishindo. "Simama!" mzee alipiga kelele. "Vyungu vya watu!"

Asegelile alivuta breki, akaruka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu. Rut naye alikuwa ameshuka. Alisimama kando ya barabara ameligeuzia gari mgongo, kanga ameivuta hadi machoni, hasemi neno, mkono mmoja ameunyoosha kuelekea chini. Asegelile aliufuata mkono ule kwa macho. Mstari mweusi ulitoka kwenye kona, ukapanda mlima, ukaja ukaishia miguuni mwake. Alikimbilia usukani akaizima injini.

"Kuna nini?" mzee aliuliza. Alikuwa bado amekaa wima, macho mbele, maana mkwewe alikuwa nje.

"Oili, tata. Inamwagika. Imemwagika yote."

"Haiwezekani. Arobaini hii hapa."

Asegelile alikuwa tayari kichwa chini ya boneti, na katika haraka ile hakukumbuka kofia ya geji. Mzee hakuweza kugeuka nyuma, hakuweza kushuka, hakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa geji, naye akaitazama muda mrefu kuliko alivyowahi kuitazama siku yoyote.

"Asegelile."

"Naam, tata."

"Injini imezimwa?"

"Imezimwa."

"Sasa hii damu bado inasukumwa na nani?"

Asegelile alitoa kichwa kwenye boneti. Uongo alikuwa nao, tena wa aina tatu: joto, mlima, mshale kukwama. Alikwisha kufungua kinywa achague mmoja. Lakini Rut alikuwa bado amesimama pale pale, mkono ameunyoosha, vigae vya chungu chake vimetapakaa barabarani, na hakuna aliyemwambia aushushe. Asegelile aliona aibu ambayo hata Burma hakuwahi kuiona.

"Niliuweka mimi, tata," alisema. "Ule mshale. Niliuelekeza arobaini kwa kucha zangu. Wiki ya tisa hii."

Akamweleza yote, hata kofia, hata Zebedayo na kijiko cha chumvi kwenye mizani ya magunia. Mzee alisikiliza bila kugeuza shingo.

"Mchungaji aliinama kuitazama," alisema mwishowe, taratibu.

"Ndiyo, tata."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliuamini mshale, mimi hukuniamini. Iliniuma sana. Na niliogopa jembe, tata. Wewe unajua sijui kulima."

"Kyela nzima inajua hujui kulima," mzee alisema kwa hasira. "Ningekufukuza hapa hapa, lakini nani atanishusha mlima?" Akavua miwani, akaifuta. "Injini itapona?"

Hapo Asegelile alitamka neno ambalo Angetile, alipohadithiwa, alikataa kuamini kwamba mumewe analo. Alisema, "Sijui."

Alifanya kazi. Kile kipande cha bomba kilichobaki kwenye injini alikikunja mara mbili, akakipondaponda kwa nyundo juu ya jiwe mpaka tone lisipite. Akamimina oili yote iliyokuwamo kwenye galoni ya akiba, akapima kwa kijiti, akapiga hendeli. Akaweka bisibisi sikioni, akafumba macho. Alikaa hivyo kwa muda mrefu.

"Beringi moja inalalamika," alisema. "Imekauka kidogo lakini haijafa. Tukienda polepole itafika. Huyo aliyetusimamisha, angechelewa mpaka kona ya mbele, tungerudi kwa miguu."

Mzee alikuna kidevu. "Rudisha mshale mahali pake," alisema. Asegelile alifungua kioo, akaulaza kwenye sifuri.

"Sasa nenda kamwambie mkamwana wangu," mzee aliendelea, ingawa Rut alikuwa hatua kumi tu na masikio yake hayakuwa na kasoro. "Mwambie ndaga. Mwambie chungu nitakileta mwenyewe, kikubwa kuliko hicho. Na mwambie akae mbele. Barabara ndiyo inayojua habari za oili, kwa hiyo mimi nitakaa nyuma niitazame."

"Juu ya magunia, tata?"

"Kwani yeye alikuwa juu ya nini?"

Asegelile alikwenda akasema yote, neno kwa neno. Rut alipiga magoti palepale, mgongo bado umeelekea kwa mkwewe. Machozi yalikuwa yakimtoka, na akamwambia Asegelile kwa kunong'ona, "Mwambie amefanya vema."

Mzee akaingia vichakani. Rut akapanda mbele. Asegelile akapiga kikohozi, na mzee wa kanisa, na suti yake na miwani yake, akakwea boksibodi, akaketi juu ya mchele akiwa ameielekea Kyela na kuipa mgongo Tukuyu anakokwenda. Kaniki ilikuwa kati yao, kama inavyotakiwa.

Walipanda polepole. Baada ya kona mbili sauti ikatoka nyuma ya kitambaa. "Dereva! Huku barabara ni safi. Huko mshale unasemaje?"

Asegelile aliutazama. Rut naye aliutazama, akatabasamu chini ya kanga yake.

"Sifuri, tata."

"Basi twende."